Tango Lisilo la Kachumbari

Nilipompigia dada simu Tanga kumwambia najifunza tango, akauliza, "Kaka, huko Argentina umekwenda kulima?" Baada ya usiku wangu wa kwanza milonga, yaani kwenye ukumbi wa dansi ya tango, nilitamani bora ningekuwa nalima.

Lawama zote kwa jamaa aliyeniambia: "We ingia, simama mbele ya mwanamke, nyoosha mkono, kama harusini." Nilikuwa na wiki sita za mafunzo pale San Telmo, mtaa wa Buenos Aires, na viatu vya bei ya kodi ya mwezi. Nikavuka ukumbi kifua mbele, katikati ya wanaocheza. Wenyewe huzunguka kinyume cha saa, na kuwakatiza ni kama kupita mbele ya mtu anayeswali. Nikanyoosha mkono. Wa kwanza akatazama kinywaji chake. Wa pili dari. Wa tatu akainama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba. Safari ya kurudi kitini ilikuwa ndefu kuliko Dar mpaka Tanga.

Bibi wa meza ya jirani akanihurumia. Kule huombi kwa mkono, unaomba kwa jicho, wanaita cabeceo. Mnatazamana, unainamisha kichwa kidogo, naye akiitikia ndipo unamwendea. Asipotaka hugeuza uso tu, na hakuna aliyeaibika. Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya nguzo! Wiki iliyofuata nilifika mapema, saa nne usiku, nikadaka kiti chini ya taa.

Jicho likajibiwa mara moja. Wimbo ulipokwisha, kwa adabu zangu za Kitanga, nikasema "gracias." Mama wa watu akaniacha nimesimama. Kumbe nyimbo hupigwa kwa mafungu, tatu au nne, na ukishukuru kabla fungu halijaisha unamwambia "umenichosha."

Basi nikakaa, na muda wa kuwaza nilikuwa nao tele. Nikamkumbuka yule jamaa alivyonikejeli kwamba nahangaika na "ngoma ya Wazungu." Ngoma ya Wazungu ipi? Neno milonga lenyewe wengi hulirudisha kwenye Kimbundu cha Angola, "maneno". Sisi tunaosema kulonga tunalisikia bila kamusi. Candombe, ngoma ya vizazi vya watumwa wa Buenos Aires na Montevideo, ni mzizi mmojawapo wa tango, ikakutana na muziki wa habanera wa Kuba na Waitaliano waliojazana vyumba vya kupanga karibu na bandari. Wimbo wa tango "El Entrerriano" wa 1897 ulitungwa na Rosendo Mendizábal, mpiga piano mwenye asili ya Afrika. Matajiri wa mji waliita tango uhuni, mpaka Paris ilipolishangilia kabla ya vita vya 1914. Ghafla likawa ustaarabu!

Kwenye saa saba usiku yule bibi mwenyewe akanikazia jicho. Nikainamisha kichwa. Tukacheza nyimbo zote nne, mdomo nimeubana kabisa. Wa mwisho nikamkanyaga. "Gracias," akasema yeye.