Jiko la Kamba na Chokaa

Ramani ya kwanza ilikuwa ya kupendeza na karibu sote tuliikubali. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya wazazi ungetobolewa kwa upana wa mita 3, jiko na chumba cha kulia vitokeze uani kwa mita 4.2, na upande wa mwisho uwe milango ya vioo mitupu. Msanifu alikuwa amechora hata miti, na watu wasio na sura waliosimama hapa na pale juu ya sakafu wakiwa hawana la kufanya. Kaka akauliza fundi ataanza lini. Mama aliigeuza ile karatasi huku na huku, kisha akairudisha mezani.

"Mwanangu, mimi hii siisomi. Nionyeshe chini, pale pale litakapokaa."

Ndivyo tulivyojikuta uani Jumamosi moja asubuhi na vigingi, kamba na ndoo ya chokaa.

Niseme kidogo kuhusu jiko la zamani. Baba aliijenga ile nyumba kabla sijazaliwa, na jiko aliliweka pembeni, jembamba, lenye mlango wa kufunga ili moshi na kelele za sufuria visiwafikie waliokaa sebuleni. Watu wawili wakiwa ndani, mmoja lazima ajibanze ukutani ili mwenzake apite. Msanifu, binti mchangamfu aliyependa kueleza mambo, alituambia kwamba majiko ya namna ile yana asili yake. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, takribani mita 1.9 kwa 3.4, akipunguza hatua za mpishi kama vile hatua za mfanyakazi wa kiwandani zinavyopunguzwa. Kila kitu kilikuwa karibu na mkono, ila wa mtu mmoja tu. Msanifu akaongeza kwamba yule mama mwenyewe alikiri baadaye kuwa alipolibuni hakuwa amewahi kupika.

"Ndiyo maana," Mama akasema, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Tulipima, tukapiga vigingi, tukavuta kamba. Fundi akamwaga chokaa kwenye mistari ya kuta. Viti vikawa makabati, beseni likawa sinki, tofali mbili zikawa jiko la kupikia, na mbao ndefu juu ya masanduku zikawa meza. Mama akaingia kupitia mlangoni, yaani pale kamba ilipokatika, akaanza kufanya kazi zake za kila siku bila kushika kitu. Alinawa, akageuka, akaweka sufuria isiyokuwepo, akageuka tena. Sisi tulisimama nje ya mistari tukitazama. Kwa mtu aliyekuwa akipita ingekuwa vigumu kumweleza.

Mengine aliyamaliza haraka. Msanifu alitumia ile kanuni ya pembetatu, kwamba ukijumlisha umbali kati ya sinki, jiko la kupikia na friji upate kati ya mita 4 na 8 hivi, na kwa hesabu hiyo ramani ilifaulu. Lakini kanuni haikuwa imeuliza ni nani wengine watapita hapo. Mlango wa uani ulikuwa umewekwa mahali ambapo kila anayetoka au kuingia angekatiza kati ya sinki na moto. "Mtoto akikimbia na mimi nimebeba maji ya moto?" Mama akauliza. Mlango ukahamishwa kabla hajamaliza kuuliza.

Urefu wa kaunta nao ulibadilika. Kwenye ramani ulikuwa sentimita 90, kipimo cha kawaida cha makabati ya dukani. Msanifu akamwomba Mama akunje mkono, akampima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko akapata 97. Mtu hufanya kazi vizuri sehemu ya kufanyia ikiwa chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15, kwa hiyo tukakubaliana 85. Kaka ni mrefu, akalalamika kuwa atainama. Aliulizwa mara ya mwisho aliosha chombo lini.

Meza ndiyo iliyoleta ubishi. Kaka alitaka ya watu 12. Kila mlaji anahitaji nafasi ya sentimita 60 ya ukingo wa meza, na nyuma ya kiti kilichokaliwa zinatakiwa kama 90 ili mtu aweze kupita na chombo mkononi. Watu 6 kila upande ni mita 3.6 za meza tupu, bado njia ya kuzunguka. Kaka alisisitiza ingeenea. Ubishi ulikuwa umekolea Mama alipoingia ndani kuchukua kanga yake, na alichelewa kutoka.

Alipotoka hakutazama meza. Alitazama mstari wa chokaa uliogusa ukuta wa nyumba, kisha dirisha lililokuwa juu ya mstari ule.

"Na chumba cha kati?" akauliza. "Mwanga wake utatoka wapi?"

Chumba cha kati kilikuwa na dirisha hilo moja tu. Chini yake ndipo kilipo kiti cha Baba, anaposomea kila siku baada ya chai ya asubuhi. Kwenye ramani dirisha lilikuwa limegeuzwa kuwa uwazi mpana wa kuingilia jikoni, na kwa kuwa mbele yake kulikuwa na ile milango mizuri ya vioo, macho yetu yote yalikuwa yamekwenda huko.

Fundi hakubishana. Alileta turubai, yeye na Kaka wakalinyanyua juu ya dirisha kama paa na kulivuta nje hadi kwenye kamba ya mwisho, tukalishikilia kwa mbao. Tukaingia ndani. Ilikuwa yapata saa nne, jua kali, na chumba kilikuwa na giza la alasiri ya mvua. Baba alikuwa palepale kitini, gazeti ameliinua karibu na uso.

"Taa zipo," akasema.

"Taa, saa nne ya asubuhi!" Mama akajibu.

Baba asingelalamika kamwe, na hilo ndilo lililonigusa. Angewasha taa kila asubuhi na kuendelea kusoma, na sisi tungekuwa tunakula upande wa pili wa ukuta tukilisifu jiko.

Msanifu alitoa karatasi mpya. Alitueleza kwamba mwanga wa dirisha, kwa makadirio ya wajenzi, huingia chumbani kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha ukingo wake wa juu. Milango yetu ya vioo ilikuwa na kimo cha mita 2.1, yaani mwanga ungefika mita 4.2 au zaidi kidogo kisha ungeanza kufifia. Jiko jipya peke yake lilikuwa na mita 4.2. Lingekula mwanga wote na kukiachia chumba cha kati makombo.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kioo cha darini, karibu na ukuta wa zamani. Alikuwa na sababu: mbingu zikitanda mawingu, sehemu ya utosini hung'aa mara 3 kuliko ya upeoni, kwa hiyo kioo kidogo juu hufanya kazi kubwa kuliko dirisha la ukubwa uleule ukutani. Kaka akaafiki mara moja. Fundi akatikisa kichwa. Paa la zamani lilikuwa limeshuka chini, na paa jipya likipita chini ya ukingo wake lingekosa mteremko wa kutosha. Ukilitoboa paa la namna hiyo, tena hapo hapo linapokutana na ukuta wa zamani, maji yatapata njia. Mama akaongeza la kwake: dirisha linalofungukia jikoni humletea msomaji mvuke na harufu, kioo cha juu kiwepo kisiwepo.

"Basi lisogezeni mbele," fundi akasema. "Kwani ni lazima ligusane na nyumba?"

Msanifu alipiga magoti kwenye chokaa, suruali yake nzuri ikapata alama nyeupe, akaanza kung'oa vigingi mwenyewe. Jengo jipya likasogea mita 1.8 kutoka ukutani, kina chake kikapunguzwa hadi mita 3.6. Kati yake na nyumba ukabaki ua mdogo ulio wazi juu, mbele kabisa ya dirisha la Baba. Kupita kutoka nyumba ya zamani kwenda mpya kungekuwa kwa mlango wa jiko la zamani na kiungo kifupi chenye paa, na jiko la zamani lenyewe lingekuwa stoo.

Kilichonishangaza ni jinsi mambo mengine yalivyojipanga baada ya hapo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebeba kenchi za paa, na kuutoboa mita 3 kungehitaji boriti ya chuma na kuliegemeza paa lote kwa nguzo za muda. Sasa tulibaki na mlango uliokuwepo. Msingi wa zamani ulikwishatulia miaka mingi, wakati mpya hushuka kidogo baada ya kujengwa, na kuta mbili zilizofungamana katika hali hiyo hupasuka. Sasa zingekutana kwenye kiungo tu, na pale fundi angeacha mwanya mwembamba wa kujazwa kitu kinachovutika. Chemba ya maji machafu, ambayo kwenye ramani ya kwanza ilikuwa chini ya kabati la sinki, ikajikuta nje kwenye ua mdogo inakofunguka bila kumsumbua mtu. Jiko likapata madirisha pande mbili, upepo wa kuingia na wa kutoka. Milango ya vioo, iliyokuwa ikitazama jua la magharibi, ikapunguzwa nusu. Hakuna kivuli cha paa kinachozuia jua la jioni, linakuja limelala.

Hasara zilikuwepo. Uani palipungua, na mtu angetembea zaidi kutoka sebuleni hadi mezani. Ua mdogo nao ulihitaji sakafu iliyo chini ya kizingiti kwa sentimita 15, yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mfereji, vinginevyo ungekuwa birika.

Meza ya Kaka haikunusurika. Katika chumba cha mita 3.6, meza ya upana wa mita 1 iliyolazwa kwa urefu wa chumba iliacha njia pande zote mbili, lakini jiko lilihitaji sehemu yake, hivyo urefu ukaishia mita 2.4: watu wanne kila upande na mmoja kila mwisho. Kaka alihesabu familia kwa vidole, akahesabu tena akiwatoa wadogo, akasema watoto wakae kwenye kaunta. Mama akamwambia kaunta ni ya sentimita 85 kwa ajili yake yeye, si ya watoto wala ya warefu.

Baba alitoka jioni, vigingi vikiwa bado chini. Alizunguka jengo la kamba taratibu, akasimama kwenye ule ua mdogo, akatazama dirisha lake kwa nje. Alikuwa na ombi moja: bomba la maji pale, ukutani, ili aweze kupanda kitu. Msanifu akaliandika kwenye ramani ya pili, na ndiyo ramani iliyojengwa.