Tazama mdomo kwanza, manyoya baadaye

Siku za mwezi mwandamo, kuta zenye taa pale Kigungu na Kasenyi, Entebbe, zinaweza kupambazuka zimejaa wadudu walioinuka kutoka Ziwa Victoria kama moshi. Watu huwaita mbu, wakanunua dawa ya kupuliza, pesa ikaenda bure. Hawa hawaumi, na kuwatambua hakuhitaji maabara. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kuanzia.

Anza na mdomo. Mbu, dume kwa jike, ana mrija mrefu uliochomoza mbele ya kichwa. Asiyeuma ana mdomo mfupi, kama umekatwa. Papasi (vile vipembe viwili vya kichwani) zenye manyoya hazikusaidii hapa: dume la mbu anazo, na dume la asiyeuma anazo vilevile. Hapo ndipo wengi hukosea. Magamba ya mabawa nayo hudanganya, maana mbu aliyesukwasukwa ndani ya chupa huyapukutisha.

Ukimkuta hai ametua, tazama miguu kabla hujamgusa. Wa jamii ya Chironomidae, kundi mojawapo la hawa wasiouma, huinua ile ya mbele, ambayo ndiyo mirefu zaidi. Mbu wengi huinua ya nyuma.

Mdomo mfupi umeuona, lakini kazi haijaisha, kwa sababu ziwa linatoa makundi mawili ya wasiouma, Chaoborus na Chironomidae, na watu huyachanganya. Lichomoe bawa, ulitazame dhidi ya mwanga. Kwa Chaoborus, mshipa wa ukingoni huzunguka bawa zima, ukingo una pindo la magamba membamba, na mishipa imejigawa panda kama ya mbu. Kwa Chironomidae mshipa huo hukoma karibu na ncha. Kisha mgeuze uone nyuma ya kifua, pale kinapoteremkia tumbo: Chironomidae karibu wote wana mfuo mmoja wa wima katikati. Mimi alama hiyo naiamini kuliko rangi yoyote.

Usubi wa Culicoides pia ana mdomo mfupi, ila huyo anauma. Ana milimita 1 hadi 3, hulaza mabawa bapa mgongoni, moja juu ya jingine, na mara nyingi yana madoa. Yule nzi mweusi mwenye kibyongo aliyekuwa akisumbua kando ya Nile kule Jinja, ambaye wenyeji walimwita mbwa (ndiyo, mbwa), ana papasi fupi nene zisizo na manyoya na mabawa mapana. Huyo hamchanganyi mtu.

Ukitaka kwenda mbele ndani ya Chironomidae, tafuta kishipa kidogo cha kukingama katikati ya bawa, kinachounganisha mishipa ya nyuma. Kikiwapo, yaelekea ni jamii ndogo ya Tanypodinae. Kisipokuwapo, pima mguu wa mbele: pingili ya kwanza ya wayo ikiwa ndefu kuliko muundi, yaelekea ni Chironominae, ikiwa fupi, Orthocladiinae. Ndiyo maana mdudu aliyekatika miguu ya mbele hana faida kubwa. Wakusanye kwa brashi laini iliyolowa; vidole huvunja.

Spishi ni habari nyingine. Hutambuliwa zaidi kwa viungo vya uzazi vya dume kwenye ncha ya tumbo, chini ya hadubini, baada ya tumbo kulainishwa kwa potashi ya asilimia 10. Jike asiye na dume wa kufuatana naye mwache kwenye jamii, usilazimishe jina.

Hifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Kali zaidi humkakamaza, akikunjuliwa anakatika. Akiachwa akauke, tumbo husinyaa na mabawa hujikunja. Rangi ya kijani hufifia haraka ndani ya spiriti, hivyo piga picha kwanza. Kibandiko cha mahali na tarehe kiandikwe kwa penseli na kitiwe ndani ya chupa, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka.