Kiberiti cha Shangazi

Juzi yule mwanangu wa pili aliacha pasi juu ya sketi yake ya kung'aa, akaenda kuchati. Nilipofika chumbani kitambaa kilikuwa kimeshayeyuka na kugandia kwenye pasi, harufu ya plastiki imetanda mpaka jikoni. Wenzangu wakakimbilia madirisha. Mimi nilibaki nimeshika pasi, nacheka peke yangu, maana pua ilikuwa imeshafika Karume, lile soko la mitumba la Dar es Salaam.

Ilikuwa kabla ya mabasi ya mwendokasi, yaani kabla ya 2016, enzi za kugombania daladala na kushuka Posta mgongo mzima umelowa. Nimetoka chuo, nimepata kazi ya ofisini, na nguo nilizonazo ni jinzi, fulana za kampeni na gauni la mahafali. Mama akasema, "Nenda na Shangazi yako." Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Mnamjua Shangazi. Miaka yake ya kazi aliimalizia Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo tulichojengewa kwa msaada wa Wachina, kikafunguliwa 1968. Alikuwa upande wa ukaguzi, kazi ya kupitisha mkono juu ya kitambaa kutwa nzima ukitafuta kasoro. Alistaafu yeye, vidole havikustaafu.

Tulifika Karume asubuhi, mabelo ndiyo kwanza yanafunguliwa. Mwenye meza kapanda juu ya meza yake, anarusha blauzi hewani: za kuchagua, buku, buku, buku jero! Mimi kichwani nilikuwa na picha ya mwanamke wa ofisini, na koti la mwanamke huyo lilikuwepo pale pale kwenye rundo. Kijani cha embe bichi, vifungo vya dhahabu, unaliona toka ng'ambo ya barabara. Nikalivaa juu ya fulana.

"Dada, umetokelezea!" muuzaji akasema. "Hilo lako, usiliache."

Shangazi hakuniangalia. Alikamata pindo la koti, akaligeuza nje ndani, akatafuta mahali uzi umechomoza, akauvuta taratibu mpaka ukafika urefu wa kidole. Akaingiza mkono kwenye fundo la kanga yake, akatoa kiberiti.

"Mama! Mama! Unatuchomea soko!"

"Tulia, baba. Nauliza swali tu."

Akawasha njiti. Uzi ulijikunja, ukanywea, ukatoa moshi mweusi mwembamba, ukaacha kidonge kigumu kwenye ncha. Akasubiri kipoe, akakiweka kwenye kiganja changu, akanifumbatisha. "Plastiki. Ndani ya daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, hii itakupika." Kisha akaokota blauzi nyeupe iliyokunjamana, ambayo mimi nisingeichukua hata kwa kupangusia meza, akavuta uzi wake, akawasha. Huo ukawaka moto wa njano, ukanuka karatasi, ukaisha. Yakabaki majivu ambayo ukiyagusa hayapo. "Pamba," akasema. "Hii inapumua." Sketi ya kijivu ikanuka nywele zilizoungua. "Sufu. Nguo nzuri sana, ya watu wenye baridi yao. Irudishe."

Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja akaleta gauni ambalo alishalilipia meza ya pili, naye apimiwe, na kwa jinsi alivyoondoka hakupenda majibu. Muuzaji alikuwa amenyamaza. Nadhani anapiga hesabu ya hasara. Kisha akaona umati uliojaa mezani kwake, akamletea Shangazi kigoda.

"Kiberiti huwezi kutembea nacho kila mahali," Shangazi akaniambia akiwa ameshakaa. "Funga macho."

Nikafunga macho katikati ya Karume, mkoba nimeubana kwapani. Akawa ananipa pindo moja baada ya jingine, nasema pamba, nasema plastiki, anacheka, ananirudishia nishike tena. Vijana wa soko wakaanza kushangilia nikipatia. Hakuna mtihani wa chuo niliowahi kuufanya kwa bidii ile.

Halafu akafungua begi lake, akatoa kanga. Kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe, ile ya maharusi wa pwani, tena aliyoletewa kutoka Mombasa. (Miaka yote ile Urafiki, na kanga zake za maana zinatoka Mombasa. Nilishawahi kumuuliza. Alinikata jicho.) Akaitandaza juu ya rundo.

"Aliyechora hii ameshazipatanisha rangi. Wewe usijitie kupatanisha upya. Kisichokuwemo humu, hatununui."

Koti la kijani likalazwa juu ya kisutu. Sikuhitaji kuambiwa.

Yaliyobaki yalienda haraka. Tulirudi na blauzi ile, shati jeupe la kiume, suruali nyeusi, gauni jekundu lililonizidi kiunoni. Kiuno si neno, alisema, fundi anapunguza. Bega likikukataa usilipeleke kwa fundi, ataliharibu zaidi. Fundi wa pale kwetu akamaliza Jumapili.

Kuanzia Jumatatu nikagundua kwamba lolote nitakalovuta kabatini linaendana na jingine. Hata umeme ukikatika nilikuwa navaa gizani na kutoka nimependeza. Watu wa ofisini wakaanza kusema nina staili yangu, nami nikaipokea sifa hiyo bila kumtaja mtu. Soko lenyewe lilikuja kuungua kweli Januari 2022, watu wakapoteza mitaji yao, na kwa muda mrefu hadithi ya kiberiti sikuweza kuisimulia kwa kucheka.

Sasa, kwenye sendofu ya binamu yangu, kamati ikaamua sare ni kijani. Nikashona. Ukumbi mzima ukaniambia rangi imenikaa. Nikamfuata Shangazi mezani kwake, nikamwambia amenikosesha kijani ujana wangu wote.

"Mimi? Nilikukataza kijani? Nilikukataza plastiki."

"Na ile kanga, Shangazi?"

"Kanga ndiyo iliyokuwa juu kwenye begi siku ile. Ningebeba ile yangu ya njano na zambarau, leo ungekuwa mtu wa njano na zambarau, na hao wa ofisini wangekusifu vilevile." Akarudi kwenye pilau yake.

Nimelitafakari jibu hilo kuliko linavyostahili. Siku nyingine naona amenidhihaki, kwamba hicho ninachokiita changu ni bahati ya mkono uliozama kwenye begi. Siku nyingine naona ndivyo ilivyo kwa kila mtu, ila wengi hawajui begi lilikuwa la nani. Binti yangu anavaa zambarau na chungwa na soksi zisizofanana, hamuulizi mtu, na inampendeza. Hilo nalo silielewi. Jumatatu baada ya sendofu nilitoka na suruali nyeusi, blauzi nyeupe na mkanda mwekundu, maana saa kumi na moja alfajiri, daladala inapiga honi, si saa ya kuanza kujiuliza mimi ni nani.