Ubao wa mashua uliokwamishwa na changarawe ya lava

Mashua yetu ya tanga ni ndogo, mita 5 hivi, na hulala kwenye remorki nyuma ya nyumba hapa Goma. Haina mkuku (uti wa chini ya mashua) mrefu wa kudumu. Katikati kuna ubao unaobembea kwenye bolti moja: ukivuta kamba unaingia katika sanduku lake, ukilegeza unashuka majini. Ndiyo maana tunaishusha Ziwa Kivu bila kuhitaji gati.

Siku ubao ulipogoma kushuka, upepo wa ubavuni uliisukuma mashua kando kama kikapu kitupu. Kurudi tukiukabili upepo ilikuwa haiwezekani kabisa.

Tuliilaza ubavu juu ya matairi makuukuu. Ndani ya ufa wa chini ya mashua unakopita ubao, kati ya ubao na sanduku, zilikuwa zimebanana punje nyeusi za lava, zenye ncha kali. Ufukwe wetu umejaa hizo. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita mjini hadi ziwani. Mashua ikigusa chini, wimbi linazisukumia ndani.

Nilifungua bolti, nikasafisha, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Kisha ikaja dawa yenyewe: vipande viwili vya tyubu ya gari, kimoja kila upande wa ufa, kingo zikikutana katikati, vimebanwa kwa ubapa wa alumini na skrubu. Ubao unapita, changarawe inabaki nje.

Nilitoboa pia tundu kwenye kifuniko cha sanduku, juu kabisa ya usawa wa maji, ili fimbo iusukume ubao ukikwama. Mpira ukikunjamana, fundi wa matairi anao mwingine.