Jipu la Ini

Jana usiku mwanangu alitema povu la dawa ya meno lenye mchirizi mwekundu, akaniuliza kama damu ile ina ubaya. Nilikawia kumjibu.

Mwaka ule homa ilinipanda kila jioni kwa wiki mbili, ikanitetemesha mpaka kitanda kikalia. Nilipima malaria mara tatu, haikuonekana, na dawa yake nikameza vilevile, kama tufanyavyo wengi wetu. Maumivu yalikaa chini ya mbavu za kulia, kisha yakapanda begani, nikadhani nimelilalia bega vibaya, hadi ultrasaundi ilipoonyesha jipu ndani ya ini.

Daktari alinichoma ganzi, akapenyeza sindano ndefu kati ya mbavu huku akitazama skrini, na bomba likaanza kujaa usaha mzito, wa manjano yenye ukijani kwa mbali. Niliambiwa baadaye kwamba usaha wa jipu la amiba, kijidudu cha tumboni, kwa kawaida huwa wa kahawia na haunuki sana. Huu wangu ulinuka hata muuguzi akageuza uso, nami nikaona aibu kana kwamba nimejisaidia mbele ya wageni. Daktari hakugeuka. Aliliinua bomba kwenye mwanga, akanyamaza kidogo, akauliza, “Kaka, fizi zako hutoka damu?” Nilidhani homa ndiyo iliyosema. Alibadilisha glavu, akanifunua mdomo wa chini, akabonyeza ufizi kwa kidole, na kilipoondoka kilikuwa chekundu.

Yaliyofuata ni mpira wa kutolea usaha ubavuni, sindano, na dawa ya metronidazo iliyonipa ladha ya chuma mdomoni kwa wiki kadhaa. Kutoka kwenye usaha ule maabara iliotesha fusobakteria, bakteria ambao makazi yao ya kawaida ni kinywani, na ambao ufizi ukiwa umevimba huweza kupenya hadi kwenye damu. Kwenye nyongo na utumbo hakikuonekana chanzo kingine, lakini daktari hakuvuka neno “huenda”. Mimi nilitaka hukumu, hasa kwa kuwa miaka mingi nilikuwa nikitema wekundu, nikisukutua maji ya chumvi, nikaenda zangu kazini.

Uzi wa kusafishia meno nilioununua siku niliyotoka hospitali, mama watoto aliumalizia kwenye vifungo vya sare za shule.

Kwa hiyo jana nilimwambia mtoto anionyeshe fizi zake. Akafumba mdomo, akanitazama kwenye kioo, akasema, “Baba, anza wewe.”