Ugali Chini ya Godoro

Ilikuwa Juni 2016, Iringa, baridi ya kukata masikio. Saa mbili asubuhi mama mlezi aliingia ofisini kwetu Ustawi wa Jamii, kamshika mkono mvulana wa miaka 11. Mkono wa pili alikuwa na mfuko.

"Mwanangu, huyu mtoto ananiibia. Nimeshindwa, mchukue."

Akaumwaga mfuko mezani. Vipande vinane vya ugali mkavu, kila kimoja kimefungwa vizuri kwa karatasi ya daftari, vingine vimeshaingia sisimizi. Alivikuta chini ya godoro.

Nilimwomba mwenzangu ampeleke mtoto akanywe chai. Tabia ya mtoto haijadiliwi mbele yake kana kwamba hayupo. Kisha nikamuuliza mama: anaficha saa ngapi? Kiasi gani? Anakila, au anakiweka tu? Na wewe ulipogundua, ulifanya nini?

Mwanzoni kilikuwa kipande kimoja kwa usiku. Mama akafunga kabati kwa kufuli. Tangu siku hiyo vikawa vitatu. Kufuli humzuia mwizi, lakini mtoto aliyewahi kulala njaa akiliona hujua siku za njaa zimerudi.

Tukajaza dodoso la SDQ, la kupima hisia na tabia za mtoto, lenye sentensi 25, mama lake na mtoto lake, kwa sababu kuanzia miaka 11 mtoto anaweza kujijazia mwenyewe. Kwenye sentensi ya kuiba mama aliweka alama ya "kweli kabisa", na sentensi hiyo huhesabiwa upande wa utovu wa nidhamu. Mtoto aliweka "kweli kabisa" kwenye wasiwasi, kwenye hofu, na kwenye kuumwa tumbo na kichwa. Ningesoma karatasi ya mama peke yake, ningeandika "mtukutu" na faili lingefungwa hivyo. Alama zile si ugonjwa, zinakuonyesha tu pa kuchimba.

Nilipochimba tarehe, mama akakumbuka jambo: mafungu makubwa aliyakuta kila baada ya mimi kupita kuwatembelea. Nikafungua faili. Nyumba tatu ndani ya miaka miwili, na kila mara mtoto alibebwa na pikipiki ile ile ya ofisi, nguo ndani ya kiroba, bila kuambiwa hata siku moja kabla. Ndiyo maana alikuwa analala na viatu. Karatasi aliyopewa mama siku ya kumpokea ilikuwa na jina, umri na chanjo. Hakuna neno kuhusu anavyolala, anachoogopa, kinachomtuliza. Iliniuma sana, na bado inaniuma, kwa sababu kuandika hayo ni kazi ya nusu saa.

Mama alikubali kujaribu tena. Kufuli likatolewa siku hiyo hiyo. Mtoto akapewa kopo la plastiki lenye mfuniko, likae kando ya kitanda chake: karanga, ndizi moja, kiazi kilichochemshwa. Kila jioni alijaze yeye mwenyewe. Halikaguliwi, na halichukuliwi kama adhabu kwa kosa lolote. Ziara zangu nikaziandika kwenye kalenda ya ukutani kwao, na kila nikifika, kabla sijavua kofia ya pikipiki, namwambia: "Leo sihamishi mtu, nimekuja kusalimia."

Wiki ya kwanza kopo lilikuwa tupu kila asubuhi. Mama akashtuka, nikamwambia aendelee kulijaza. Wiki ya pili mtoto alivunja kikombe, mama kwa hasira akalificha kopo. Usiku ule ugali ukarudi chini ya godoro, vipande vinne. Hakuna aliyegombezwa. Mama alimrudishia kopo mkononi na kumwomba radhi, jambo ambalo wazee wetu wengi huliona gumu kulifanya kwa mtoto. Naamini lilisaidia kuliko dodoso langu. Viatu vilichelewa zaidi. Alianza kuvivua mwezi wa tatu tangu tuanze, akiviweka mlangoni vikiangalia nje.

Mwezi wa nne nilimkuta mama ameshika lile kopo. Karanga za ndani zilikuwa zimeingia wadudu, ni siku nyingi hazijaguswa.

"Nizitupe?"

Nikamwambia amsubiri mwenyewe arudi kutoka shule, amuulize.