Ombi kwa Seva Linapokaa Kimya

Vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti hapa Tanga huniletea lalamiko lilelile: ukurasa unafunguka, kitufe kinabonyezwa, lakini data haionekani na wala hakuna ujumbe wa hitilafu. Wengi wao huanza kuibadilisha skripti mstari kwa mstari, kazi ambayo kwa maoni yangu ni kupoteza muda, kwa sababu huenda kosa haliko kwenye skripti kabisa. Fungua kwanza zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari, nenda sehemu ya mtandao, bonyeza kitufe upya, kisha ulitazame ombi lenyewe. Je, limeondoka? Limekwenda anwani gani, na limerudi na namba gani?

Namba 404 inaonyesha kwamba kilichoombwa hakikupatikana, na 500 kwamba seva yenyewe imekwama. Konsoli, sehemu ya zana hizo inayoonyesha hitilafu, ikilalamika kuwa imekuta alama ya `<` mahali ilipotarajia JSON, yaani data iliyopangwa kwa ajili ya programu, mara nyingi seva imerudisha ukurasa wa HTML, pengine ule wa kuingilia baada ya muda wa mtumiaji kwisha. Kivinjari kikitaja CORS, utaratibu wa kuruhusu ukurasa usome data ya seva nyingine, ujue kwamba ukurasa na seva inayoombwa vinatofautiana kwa itifaki, jina au bandari. Ruhusa hiyo hutolewa na seva kwa kichwa cha `Access-Control-Allow-Origin`, na hakuna mstari wa skripti utakaoilazimisha.

Kimya chenyewe, hata hivyo, mara nyingi hutokana na jambo ambalo wafundishaji hulipita haraka mno. `fetch`, amri ya JavaScript inayotuma ombi kwa seva, haihesabu 404 wala 500 kuwa ni kushindwa: maadamu jibu limefika, ahadi yake (promise) imetimia, na `catch`, sehemu ya kunasa hitilafu uliyoiandika kwa uangalifu, haitaguswa. Tabia hiyo si ngeni, kwani hata XMLHttpRequest, njia ya zamani ya kutuma maombi iliyoanzia kwenye Internet Explorer 5 mwaka 1999, hutangaza tukio la `load` pale seva inapojibu kwa 500. Ni lazima, basi, uikague `response.ok`, ambayo huwa kweli kwa namba za 200 hadi 299 pekee, na uurushe mwenyewe ujumbe wa hitilafu pale isipokuwa kweli.

Kosa baya kuliko yote ni lile ambalo kila ombi limefaulu. Chukua ukurasa wa bei za machungwa: mfanyabiashara anachagua Pongwe, kisha papo hapo anabadilisha na kuchagua Muheza. Maombi mawili yameondoka kwa kufuatana, lakini hakuna kinachohakikisha kwamba majibu yatarudi kwa mpangilio huo. Jibu la Pongwe likichelewa njiani, litaandikwa juu ya lile la Muheza, na mtu atapanga safari ya lori kwa bei ya mahali pengine. Konsoli haitasema neno, na ofisini Ngamiani penye mtandao wa kasi huenda kosa lisijitokeze kamwe. Kwa hiyo tumia zana hizohizo kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi, ubadilishe chaguo harakaharaka na uone jina la mahali na bei vinavyoachana.

Tiba ninayoipendelea ni `AbortController`, chombo kinachotoa ishara ya kufuta ombi: kila chaguo jipya linapofanywa, ombi lililotangulia linafutwa kabla ya jipya kuondoka. Ombi lililofutwa hutua kwenye `catch` likiwa na jina `AbortError`, nawe ulitenge na hitilafu za kweli, ama sivyo mtumiaji ataonyeshwa onyo jekundu kwa kubadilisha mawazo tu. Na kwa kuwa `fetch` haina kikomo cha muda unachoweza kukipanga moja kwa moja, pitisha pia `AbortSignal.timeout`, ishara inayofuta ombi muda ukipita, ukiiunganisha na ile ya `AbortController` kwa `AbortSignal.any`. Muda ukipita jina la hitilafu huwa `TimeoutError`, na hapo ndipo mtumiaji anapostahili kuambiwa waziwazi kwamba seva haikujibu, na kupewa kitufe cha kujaribu tena.